Nibadilishe Prosesa ya Laptopu Yenye Sauti ya Baba?

Mpendwa Shangazi Beatha, shikamoo. Safu yako nimezoea kuisoma kwa ajili ya ndoa za watu, na najua wasomaji wako watashangaa kukuta swali la kompyuta katikati ya wanaonyang'anywa wachumba, ila naomba unisaidie maana kila ninayemuuliza ananijibu nusu, wa kompyuta ananijibu ya kompyuta, wa nyumbani ananijibu ya nyumbani, na tatizo langu limekaa katikati.

Naitwa Filbert, naishi Kibosho na mama yangu, Dominika. Mimi ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya huku unajua kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa hiyo kaka Gabriel yuko Dar, dada Dafroza ameolewa Rombo, na mimi nimebaki na mama, migomba, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja mwenye hasira, na silalamiki Shangazi, napenda nyumbani, ila kahawa yenyewe unaijua ilivyo siku hizi, ndiyo maana nikajiunga na kozi ya kompyuta pale mjini, nashuka asubuhi narudi jioni, na mwaka huu nikimaliza kuna kiwanda huko tambarare kinatafuta kijana wa kuangalia kompyuta zao. Nikiipata kazi hiyo nitafanya kazi na kulala kwetu. Nikiikosa itabidi nimfuate kaka Dar na mama abaki peke yake na huyo ng'ombe.

Sasa mwalimu wetu Ronald anasema kwenye usaili hawataki maneno, watakukalisha mbele ya seva na kompyuta mbili na kukwambia ziunganishe zisikilizane, na mimi nyumbani nina laptopu moja tu, ndipo akanielekeza kwamba kuna programu ya bure inayokuwezesha kuweka kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, ukafungua moja ikawa seva, nyingine ikawa ya karani, zote kwenye kioo kimoja, wao wanaiita vachualaizesheni. Nilifurahi sana, nikaiweka, nikajaribu kufungua ile seva mpya ya bit sitini na nne tunayofundishwa, ikagoma, ikaandika kwamba prosesa yangu haina uwezo huo. Nikampelekea fundi mmoja wa Kiboriloni anaitwa Tito, akaicheki akasema, "Mangi, hilo dogo, ninayo laptopu iliyokufa ya aina kama hii ila prosesa yake ni kubwa, nang'oa ile naweka hii, unaondoka unacheka."

Mimi nisingesita, Shangazi, kama laptopu ingekuwa ya kawaida. Hii kaka Gabriel aliileta Krismasi ya mwaka juzi, akaikabidhi mbele ya ukoo wote tukiwa tumekaa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na siku hiyo hiyo alikuwa na kamera akampiga video baba yetu, mzee Sirili, akiwa bandani anamkatia ng'ombe migomba, akaiingiza kwenye laptopu ili tuone inavyofanya kazi. Pasaka haikufika mzee akafariki. Kamera ya kaka iliibiwa stendi. Hiyo video ndiyo pekee yenye sauti ya baba, na si ndefu, mzee anamwambia Gabriel aache kuchezea hicho kidude aje ashike kamba, halafu anageuka anaita, "Dominika, maji ya ng'ombe yako wapi?" halafu anacheka, imeisha.

Kila Jumapili tukitoka misa mama ananiambia nimwekee. Laptopu inakaa kwenye kabati la vyombo, ameifunika kitambaa cha kufuma, anaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi ingawa nimemkataza. Anakaa na kanga zake za misa, anaangalia, na baba akiuliza maji yako wapi, mama anamjibu. Anasema, "Yanakuja, baba Gabriel." Kila Jumapili. Mwanzoni nilidhani ni utani, nikacheka, akaniangalia, na tangu siku hiyo nikishabonyeza huwa natoka nje.

Usinione sijui adabu, ruhusa nimeomba. Huku kwetu mtu akiwekesha ng'ombe wake kwa jirani, maziwa na samadi ni vya anayemlisha lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, humchinji wala humuuzi bila kumwambia, na mimi nikaona laptopu ni hivyo hivyo, mwenyewe ni Gabriel aliyeileta, nikampigia, akasema, "Hiyo si yako sasa? Fanya unavyotaka." Kwa hiyo nimeshaongea na Tito aje nyumbani Jumamosi mama akiwa kwenye sala za jumuiya, afungue, abadilishe, afunge, mama akirudi aikute chini ya kitambaa chake. Lakini usingizi sipati. Nawaza Tito akikosea mkono ile sauti ipotee, nitamwambia nini mama? Na nikiacha, usaili nao unakuja. Shangazi, kubadilisha prosesa ya laptopu ili ibebe hizo kompyuta za ndani ni jambo linalowezekana kweli, au nadanganywa? Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Ni mimi Filbert, Kibosho.

SHANGAZI BEATHA ANAJIBU:

Marahaba, Filbert. Barua yako imenipumzisha na wachumba, nakushukuru, ingawa ilibidi nimpigie simu mtu anayejua mambo haya, maana mimi mwisho wangu ni kufungua barua pepe. Ni binti wa mama yangu mdogo, Ndelilio, anafundisha kompyuta chuoni Arusha. Nilimsomea barua yako yote. Nilipofika kwa Tito na prosesa yake ya laptopu iliyokufa alicheka, na nilipofika kwa mama yako akaacha kucheka.

Nianze na swali ulilouliza, halafu nitakujibu ambalo hukuuliza.

Kubadilisha prosesa ya laptopu kunawezekana kwa baadhi. Kuna laptopu ambazo prosesa imekaa kwenye soketi, inang'oka, na kuna ambazo imechomelewa kwenye ubao, na hiyo hata Tito aje na mafundi wote wa Kiboriloni haitoki salama. Tuseme yako inang'oka. Bado lazima hiyo mpya ikubaliane na ubao wenyewe, na ile programu ndogo inayoamsha mashine, wanaiita bayosi, iitambue. Isipoitambua unawasha unapata kioo cheusi. Na hata ikiitambua, kuna laptopu ambazo bayosi yake haikuwekewa kabisa nafasi ya kuruhusu jambo unalolitaka, kwa hiyo utakuwa umebadilisha moyo na ugonjwa uko palepale. Tena prosesa kubwa inaweza kuwa na joto kuliko feni yako inavyoweza kulipoza. Na huyo marehemu wa Tito, umemuuliza alikufa kwa ugonjwa gani? Laptopu haifi kwa uzee tu, mwanangu. Ndelilio anasema kwa mtu mwenye mashine moja na usaili mlangoni, jambo hilo linawezekana lakini halifai. Usilifanye.

Badala yake, izime kabisa, iwashe, na kabla Windows haijafunguka ingia kwenye hiyo bayosi. Utafute kama uwezo huo upo ila umezimwa, maana laptopu nyingi hutoka kiwandani umezimwa na mwenyewe hajui. Ukiukuta, uwashe, halafu uzime laptopu tena kabisa, usiirestati tu. Usipoukuta, basi mashine yako haina, na hakuna programu itakayoipa. Usilie. Uliyoijaribu ni seva ya bit sitini na nne, na hiyo ndiyo inayodai prosesa yenye uwezo huo. Weka za zamani kidogo, za bit thelathini na mbili. Programu hiyo hiyo ya bure inazibeba bila kudai chochote, polepole, lakini inazibeba. Kuunganisha kompyuta zikasikilizana ni kule kule, kwenye seva mpya au ya zamani. Ikikuchosha kwa uzito, ongeza memori. Hiyo ina kamlango kake chini ya laptopu, skrubu moja au mbili, wala moyo wa mashine haujaguswa. Na ongea na mwalimu Ronald akuruhusu kubaki kwenye maabara wenzako wakishaondoka, ushike kompyuta za kweli na nyaya za kweli. Kiwandani hawatakuletea za ndani ya kioo.

Hayo ndiyo uliyouliza. Sasa kaa nikuseme.

Umeogopa Tito ataifuta sauti ya mzee. Hofu yako umeipeleka pasipo. Video haikai kwenye prosesa, inakaa kwenye diski, na mtu anaweza kubadilisha prosesa vizuri na video isiguswe. Kinachonitisha mimi ni kwamba diski hiyo inazunguka kila Jumapili, na kitu kinachozunguka huchoka, na juu yake kuna mama anayeifuta kwa kitambaa kibichi, na umeme wa mgao unaokatika na kurudi kwa kishindo. Inaweza kufa Jumapili hii baada ya misa, bila fundi yeyote kuingia nyumbani kwenu. Mwaka na zaidi umekuwa ukibonyeza na kutoka nje, mwanafunzi wa kompyuta mzima, na hujawahi kutoa nakala? Filbert! Mtaani Moshi kila penye intaneti kafe wanachoma CD. Nimekasirika kidogo, nakwambia ukweli, na Ndelilio alikasirika zaidi yangu.

Na hiyo ruhusa uliyoomba. Desturi ya ng'ombe wa kuwekesha umeieleza vizuri, mtoto wa Kibosho hasa, lakini umeishika upande mmoja. Umemwomba mwenye ng'ombe. Hukumwomba mwenye maziwa. Gabriel yuko Dar, kwake ile ni laptopu ya zamani aliyokwisha kuitoa, akakujibu kwa haraka kama watu wa Dar wanavyojibu simu. Anayekaa mbele yake kila Jumapili ni mama yako. Jirani akimlisha ng'ombe wako, hata wewe mwenyewe humkamui asubuhi yeye akiwa shambani. Sasa wewe unamleta Tito na bisibisi Jumamosi, mama akiwa jumuiya anawaombea watoto wake, ukiwemo wewe. Ungekuwa na hakika na jambo hilo ungelifanya mama akiwa amekaa hapo anakunywa chai. Usingizi umekukosa kwa hilo, wala si kwa prosesa.

Najua kwa nini unatoka nje, na sikulaumu kwa hilo. Kumsikia mama anamjibu marehemu ni kuzito. Wewe ulimpoteza baba siku ileile aliyompoteza yeye mume, na katika barua yako ndefu hukuandika hata mara moja kwamba unamkumbuka. Basi mimi nakusemea: unamkumbuka. Mzee aliyekuwa anacheka bandani kwake si mtu wa kusahaulika, na mimi sikumjua.

Fanya hivi. Mpigie Tito leo, mwambie asije, mshukuru kwa nia yake. Kesho peleka laptopu mjini, uibebe mwenyewe, usimpe mtu, wachome hiyo video. CD moja mpe mama aiweke sandukuni na vitenge vyake, nyingine itume kwa Gabriel, nyingine kwa Dafroza Rombo, maana na yeye ni mtoto wa mzee Sirili na hukusema kama amewahi kuiona. Waambie wachome na ya kuangalia kwenye deki. Unataka mashine moja iwe tatu, vizuri, lakini anza na sauti ya baba yako, hiyo ndiyo iwe tatu.

Kabla ya kuibeba, mwambie mama. Kaa naye jikoni akimenya ndizi za mtori, mweleze usaili, mweleze diski, mweleze kwamba nusura umlete fundi kwa mlango wa nyuma. Atakufokea. Mwache amalize. Halafu Jumapili mkitoka misa, nendeni kwa jirani yeyote mwenye deki na televisheni, mweke ile CD, na wewe siku hiyo usitoke nje. Baada ya hapo ukitaka kununua deki kwa mshahara wako wa kwanza wa kiwandani, utakuwa umejua ununue ipi, na umfundishe kuiwasha mwenyewe.

Kwa sababu kazi utaipata, Filbert, nina imani hiyo, na kazi za kiwanda zina zamu za Jumapili. Jumapili hiyo wewe utakuwa huko tambarare na kompyuta zako, na mzee ataita maji ya ng'ombe kama kawaida, na mama yako awe na namna ya kumjibu.