Tembe Kwenye Mkebe wa Majani Chai

Jumanne

Amezitupa zote chooni. Mama mkwe alipata tembe zangu kwenye mkebe wa majani chai, akadhani ni za kupanga uzazi.

"Ati hutaki kunizaa?" aliniuliza. Msichana wetu wa kwanza ataitwa jina lake, kwa hivyo ananingoja.

Nesi wa kliniki ya Ruring'u alisema nimeze folik, tembe za kukinga mtoto, miezi mitatu kabla ya kushika mimba. Zile mimba mbili zilizoharibika, ni mume wangu tu anayezijua. Singeweza kueleza tembe bila kueleza mimba hizo. Nikasema, "Pole, mama."

Akafurahi. Jioni alinipikia njahi, maharagwe meusi anayopikiwa mtu aliyejifungua. Nilimaliza sahani. Sikusikia ladha.

Kesho nitamwomba nesi tembe zingine. Nitaziweka pamoja na dawa za ng'ombe. Hizo hagusi.