Makinda kwenye Muringa Nilioutoa Sadaka

Jumatano, 3 Machi 1971

Salamu za heshima kwako, daftari langu, na uniwie radhi. Tangu tumzike mke wangu Wachuka mwezi wa kwanza sijakuandikia hata mstari. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na neno.

Leo ninalo. Yule ndege wake wa kijitoni, mdogo, wa kijivu, kishungi kimesimama kama nywele za mtoto aliyeamka sasa hivi — ana makinda! Mawili, uchi, macho hayajafunguka. Kiota ni kidogo kuliko kikombe cha chai, kimeshonwa kwa utando wa buibui kwenye tawi la chini la muringa.

Hatulii ndege huyu. Hukunjua mkia, hugeuka kushoto, hugeuka kulia. Wadudu wakishtuka, huwadaka hewani. Wachuka alimwita mama wa kanisani — ana kofia mpya na lazima aone nani ameingia.

Lakini muringa huo niliutoa sadaka. Sikukuu ya mavuno, Novemba, mbele ya watu wote: mti mzima, kwa mabenchi ya kanisa jipya. Walipiga makofi. Wachuka hakusema lolote mpaka tukafika nyumbani Gatitu. Hata nyumbani hakusema.

Wapasuaji mbao watakuja juma lijalo. Makinda yanahitaji majuma mawili.

Jumapili, 7 Machi

Nilikusudia kumwomba Mchungaji Kihara aniongezee siku. Nikaanza kama nilivyofunzwa: habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Nilipoufikia muringa, mshirika mwenzetu, Mama Warigia, alikuwa ameshamshika mkono kumsalimu. Mchungaji akaniuliza, Mwalimu, ulikuwa na neno? Nikajibu, si neno kubwa.

Si neno kubwa! Mwoga mimi.

Jumatano, 10 Machi

Alfajiri nilishuka kutazama kiota. Nikaegemeza fimbo yangu kwenye shina ili nishike tawi kwa mikono miwili. Macho yamefunguka! Mvua ikaanza, nikarudi nikijishikiza kwenye ua wa boma, fimbo nikaisahau.

Saa tatu wakaja Kahiga na mwenzake Wasike, na msumeno wao mrefu. Niliwafuata polepole. Kahiga alikuwa amesimama mbali na mti, kofia mkononi.

"Nani ameweka hiyo fimbo?"

Nilielewa mara moja. Marehemu baba alipofyeka msitu huu aliubakiza muringa peke yake, ati roho za miti iliyokatwa zipate pa kukaa. Mti wa namna hiyo haukatwi ovyo. Huegemezwa fimbo kwanza, roho zishuke, kisha fimbo ipelekwe kwa mti mwingine. Ikiwa bado imeegemea, hakuna anayegusa.

Wasike alicheka. "Mimi ni wa Bungoma, mzee. Roho za huku hazinijui hata jina!"

"Zitakujua leo," akasema Kahiga. "Shika upande wako wa msumeno, na wangu pia. Mimi niko na watoto."

Wakanitazama. Ilinipasa kusema: samahani, ni sahau ya mzee. Maneno machache tu. Juu yetu ndege alipita na nzi mdomoni.

Nikanyamaza. Wakaondoka.

Jumamosi, 13 Machi

Habari imeenea. Sokoni wanasema Mwalimu aliyetukataza matambiko miaka thelathini ameyarudia uzeeni. Ni kweli niliyakataza. Mwaka wa thelathini na nane nilimkemea baba yangu mwenyewe mbele ya wageni. Ee Mungu.

Leo Mchungaji ameniletea barua ya adabu, ndiyo maana inauma. Nikieleza kwamba ilikuwa sahau, yamekwisha. Msumeno utarudi kesho yake. Nisipojibu kufikia Jumanne, nitahesabiwa kuwa nimekiri. Pasaka sitaipokea meza ya Bwana, na Ijumaa wazee wa kanisa watakuja wenyewe kuuombea mti kabla ya kuukata.

Na kiotani kuna msiba. Tangu jana ni mzazi mmoja tu anayelisha! Sijui aliyebaki ni mume au mke, wanafanana. Huja, hulisha, huondoka, hurudi. Hapumziki. Jioni kishungi kilikuwa kimelala, kimelowa. Nilisimama hapo nikalia kama mtoto, mimi mtu mzima, na sikuona haya.

Jumatatu, 15 Machi

Vishungi vimeota. Vidogo, kama ncha ya penseli. Kinda mmoja amesimama ukingoni akapigapiga mabawa, akarudi ndani. Siku mbili. Labda tatu!

Nimeandika jibu. Nililichana mara nne. La tano linasema kweli tupu: fimbo ni yangu, niliisahau, sikuabudu kitu, na kunyamaza kwangu kulikuwa uongo. Naomba radhi kwa kanisa. Sikuweza kuandika vingine, mkono ulikataa.

Magdaline, mke wa mwanangu, aliingia kuaga. Anakwenda Kutus, dada yake amejifungua. Aliiona bahasha.

"Niipeleke, Baba?"

"Ukipenda, mama."

"Nitapitia kwa Mchungaji nikirudi Alhamisi. Ama iko na haraka?"

Nilimtazama. Akasubiri, mtoto mwema, mkoba begani. Nikamwuliza habari za dada yake, na za mtoto, na kama mvua imefika Kutus.

Amekwenda. Barua anayo Magdaline, na Jumanne ni kesho.