Tulivyomtoa Rukia Katika Timu

Mji Mkongwe, Unguja

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai magoti yamepungua kuuma, na baba kikohozi kimemwacha alale. Huku kwetu tu wazima, ila usingizi hatuujui. Mjukuu wako anaota meno ya juu, na baba yake yuko kazini Nungwi, tunamwona Ijumaa kwa Ijumaa.

Mama, kuna jambo la Rukia, nataka ulisikie kwangu. Tumemtoa katika timu.

Uliponipa mdogo wangu aje anisaidie mtoto, ulisema nisimfungie ndani. Ndipo nikamtia katika timu yetu ya mpira wa kikapu, ya wanawake, ambayo mimi ni katibu wake. Kwa urefu ule kocha akamfanya senta, yule anayekaa chini ya kikapu kugombea mipira. Akacheza, mama, mpaka watu wakawa wanauliza huyu katokea wapi. Kisha siku moja akaruka, akamwangukia msichana wa timu nyingine, mtoto wa watu akavunjika mkono. Rukia hakuwa na kosa. Lakini tangu siku ile haruki. Mtu akija na mpira, yeye humpisha kama mgeni mlangoni. Tukawa tunafungwa tu.

Alkhamisi tukakaa kikao chumbani kwangu, watu watano juu ya mkeka. Rukia nilimtuma sokoni.

"Juzi kamgusa mtu bega, akamwambia samahani," kapteni alisema. "Senta gani huyo anayeomba radhi?"

"Mwacheni, atarudi," akasema Bi Asha, anayetushonea jezi. "Mtoto mpole yule."

"Upole wake ndio unaotufungisha, Bi Asha. Na aupeleke harusini," kapteni akamjibu.

Wakacheka, na mimi nikacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo.

Kura zikawa mbili kwa mbili. Kocha akanigeukia. "Katibu, wewe ni ndugu yake. Ukitaka, nyamaza, atabaki."

Sikunyamaza. Nilisema atoke. Si kwa ajili ya kufungwa. Kila siku ya mchezo nilikuwa namsikia chooni anatapika, huku amefungua bomba ili nisisikie. Hilo wenzangu sikuwaambia.

Aliporudi nilimwambia mwenyewe, sikumtuma mtu. Akaweka kapu chini, akanawa mikono, akampokea mtoto.

"Dada, mlikuwa watu watano," akasema. "Hata mmoja hakuona aniulize?"

"Nilikuonea huruma. Nakusikia unavyotapika."

"Ulikuwa unanisikia natapika. Mimi nilikuwa natoka mle chooni nakwenda kucheza."

Bado naona nilifanya sawa, mama, na bado sina la kumjibu. Tangu siku ile tunazungumza ya mtoto na ya chumvi, basi. Kaomba aje huko Pemba akae nanyi kidogo, nami sikumzuia.

Akifika usimuulize habari za timu. Wala usimkemee kwa ajili yangu. Hajanikosea adabu hata neno moja.

Msalimie baba, na shangazi msuka mikeka, na mjomba wa kule kwenye mikarafuu. Waambie nawakumbuka kila nikimaliza kusali.

Barua hii nampa Rukia mwenyewe aje nayo. Bahasha sikuifunga kwa gundi. Safari ya boti ni ndefu, na mwandiko wangu anaujua.

Mwanao,
Salma