Safu Moja ya Vinyonyeo

Muaither, Doha
17 Novemba 2013

Mpendwa dada Jeptoo,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, joto limepungua, na mgongo umeacha kunisumbua. Wewe na watoto hamjambo? Magoti yako je, na mahindi mmeshavuna?

Unamkumbuka Japheth, yule karani wa hapa chuoni aliyevunja chupa mwaka jana akasema ni mimi? Kwa ajili yake nilinyimwa khuruj, ile karatasi ya kutoka nchini, mkamzika mama bila mimi. Sijamsamehe, na sikufichi.

Sasa sikia. Kazi yangu bado ni kuongeza spiriti kwenye chupa za viumbe wa baharini. Mwezi wa tisa tuliletewa pweza wa kilindini, kule mwanga usikofika. Japheth ndiye huandika vibandiko. Aliposikia pweza huyo hana mfuko wa wino, akaandika jina la aina moja ya pweza, Muusoctopus. Ni kweli, Muusoctopus hana wino. Lakini hata jamaa yake, Graneledone, hana.

Mimi nilimshika kwa mikono yangu. Muusoctopus ana safu mbili za vinyonyeo kwa kila mkono, na ngozi laini. Huyu alikuwa na safu moja tu, na vipele mgongoni kama chura. Nilihakikisha kwenye kitabu kilichoachwa mezani kuwa ni Graneledone, nikanyamaza. Mvumilivu hula mbivu.

Jumatano wakaja wageni, bosi akiwa mbele yao. Japheth akaeleza kwa madaha, akaapa hajakosea hata kibandiko kimoja. Nikaomba ruhusa, nikavaa glavu, nikainua mkono mmoja wa pweza. Mgeni mmoja, mtaalamu, akauangalia, kisha akamtazama Japheth. Dada, nilifurahi, na sitatubu.

Bosi ameagiza chupa zote zikaguliwe upya, na likizo ya Japheth ya Desemba imefutwa. Ukaguzi ameniachia mimi; nikisema kazi inaweza kungoja, bosi atamwachilia aende.

Jana Japheth alikuja chumbani kwangu, macho mekundu, kwa ajili ya mama yake.

"Mutai, nisemee kwa bosi. Mathe amelazwa, hawezi kungoja Januari."

Nilimwambia zimebaki chupa mia mbili na kumi.

Nisalimie Maurice na shangazi Rael, na watoto wote. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ukienda kupalilia kaburi la mama, mwambie kwamba aliyenizuia nisije kumzika, sasa naye haendi kwao.

Ndugu yako akupendaye daima,
Mutai