Njia ya Tokuji ya Kurudi Nyumbani

Jumanne, 9 Februari 1988
Homa, siku ya tatu. Sikwenda kazini. Jioni Tokuji akagonga — bado na buti za kazi! Kaleta machenza na dawa. Akanicheka: mtu wa Aomori, umezaliwa kwenye theluji, unaangushwa na kibaridi cha mjini? Akanipikia uji wa wali, akauunguza. Miaka kumi na sita tunazoa taka za jiji hili pamoja. Kaondoka na baiskeli yake.

Jumatano, 10 Februari
Tokuji amekufa. Lori, pale darajani, jana, alipotoka kwangu.

Siwezi.

Ijumaa, 12 Februari
Tumeuchoma mwili wake leo. Nilishika vijiti kuokota mifupa yake majivuni, kama desturi yetu. Fumie, mkewe, hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: mume wake alifuata nini ng'ambo ya mto? Alikuja kwangu, lakini nikainamisha kichwa kama mwizi. Mwoga mimi!

Jumatatu, 15 Februari
Nimerudi kazini. Nyuma ya gari, mahali pake, kasimama mtu mwingine.

Mchana akaja Bi. Ogata wa ofisi ya watumishi wa jiji. Akatandika ramani, akachora kwa kalamu nyekundu njia ya kutoka kituoni kwetu hadi kwa Tokuji. Akaeleza: mtumishi akifa kwenye njia hii, mjane anapata pensheni. Akiiacha kwa shughuli zake mwenyewe, hapati. Daraja liko mbali kabisa na ule wekundu.

Msimamizi Hatakeyama akadakia, akininyooshea kidole: mimi nilimtuma! Ampelekee Kudo huyu ratiba ya zamu!

Uongo. Hakukuwa na ratiba.

Bi. Ogata akasema akitumwa ni kazi, inahesabika. Kudo aandike ushahidi, apige muhuri wake wa jina badala ya sahihi, kesho yeye atakuja kuuchukua. Alipotoka, msimamizi akaninong'oneza: wewe mzee usijifanye mtakatifu. Fumie atakula nini?

Jumanne, 16 Februari
Nimeandika. Mistari minne, asubuhi nzima — shule niliiacha mapema. "Tokuji alikuja kwangu kwa amri ya msimamizi." Nimeisoma mara nyingi. Inaniuma kuliko mazishi. Kwenye karatasi hii hakuna rafiki aliyekuja kuniona. Alitumwa, kama kifurushi.

Bi. Ogata amefika jioni hii. Na Fumie nyuma yake! Hakuvua hata koti. Akasema, shemeji, wiki nzima silali. Ng'ambo kulikuwa na mwanamke? Hatakeyama anadai alimtuma, lakini yule hata kikohozi chake ni cha uongo. Sema wewe. Ukisema wewe nitaamini.

Bi. Ogata keshafungua kalamu. Nikisema kweli, anaandika, na pensheni imekwenda. Nikisema alitumwa, Fumie anakula — na Tokuji hakunijia kamwe.

Nimewaambia nautafuta muhuri. Niko chumba cha nyuma, nao umo kiganjani, umeshapata joto. Chai yao inapoa.

Fumie anaita: shemeji, umeuona?