Ubeti Wako Bado Uko Wazi

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kwanza nipe hali ya goti lako. Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema linakuamsha kabla ya saa ya kuamka, nami nikacheka, kisha nikajuta kwa sababu simu ilikatika kabla sijakupa pole. Basi pole sana, Shangazi yangu, na naomba dawa ulizobadilishiwa ziwe zimeanza kufanya kazi. Na huko kazini je, yule msimamizi wenu mnoko bado anawahesabia dakika za chai?

Sisi huku wazima, ukiondoa mafua yaliyozunguka nyumba nzima kama zamu ya kuosha vyombo. Baba aliyapata wa mwisho na akalalamika kuliko wote. Sasa amepona, yuko kibandani kwake na nyundo yake, viatu vya watu vimemfika kiunoni. Kaka amehama, amepanga karibu na kazini kwake, kwa hiyo chumba cha nyuma kimekuwa changu peke yangu. Nakuandikia kutoka humo nikiwa nimefunga mlango, na utaelewa kwa nini.

Chuoni naendelea vizuri. Muhula huu tumegawanywa makundi ya watu watatu watatu, na kila kundi limeagizwa kutengeneza video ya wimbo mmoja. Kundi letu lina mimi, Mrefu na Wakili. Mrefu ndiye mpiga picha, na asipopiga magoti anatuletea picha za utosi wa watu. Wakili si wakili wa kweli. Ni msichana mwenzetu asiyekubali kushindwa hoja hata na mwalimu, ndiyo maana tulimkabidhi barua zote za kuomba ruhusa. Mimi ni mwongozaji, yaani mtu wa kulaumiwa.

Sharti la mwalimu ni kwamba wimbo uwe na mwenyewe, na mwenyewe atie sahihi kuwa ameturuhusu. Wenzetu wakawakimbilia wanamuziki wa mjini ambao hata simu hawapokei. Mimi nikaukumbuka wimbo wenu, ule wa jozi moja ya viatu, mliotunga wakati Baba akisoma asubuhi na wewe mchana, mkibadilishana viatu njiani. Nimekua nikimsikia akiuimba kwa kuguna huku akishona soli. Nilipomwomba akaruka. "Nani anataka kumwona mzee akiimba? Mnataka kuchekwa?" Nikamtuma Wakili aingie kibandani peke yake. Dakika kumi baadaye Baba alikuwa ametia sahihi, na bado anajiuliza ilikuwaje.

Katika kazi hii wimbo hurekodiwa kwanza, picha hufuata. Tulimrekodi humu chumbani mchana, tumesimamisha magodoro ukutani ili sauti isirudi, tumewaomba majirani wazime redio. Baba akashika gita. Shangazi, miaka ishirini naishi na mtu huyu na sikujua kama ana sauti ile. Nilijikaza nisilie, maana kinasa sauti kilikuwa kinanasa kila kitu.

Ubeti wa kwanza ukaisha, kiitikio kikapita, kisha akaendelea kupiga gita bila kuimba. Ametazama dirishani, vidole vinakwenda, mdomo umefungwa. Kiitikio kilipofika tena akaimba, akamaliza. Nikamuuliza, "Umesahau maneno, Baba?"

"Sijasahau. Hapo si pangu. Ni pa shangazi yako."

Wakili, ambaye anaimba vizuri na anajijua, akamwambia asitie shaka, ampe tu maneno na yeye Wakili ataujaza ubeti ule. Baba akaliweka gita chini polepole. "Mwanangu, wimbo huu ni wa watu wawili. Mwenzangu yuko mbali, hajafa." Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Wakili aliomba radhi.

Nilimwambia basi tukupigie. Akakataa katakata. Ati umechoka, ati una goti, ati uliacha kuimba zamani na haifai kukusumbua kwa mambo ya watoto. Nisamehe, lakini nitasema. Nyie wawili mmekuwaje? Nikiwasikiliza kwenye simu ni "Mzima?" "Mzima." "Watoto?" "Wazima." "Haya." Mnaongea kama watu waliokutana kwenye foleni. Na kumbe huyu mtu amekutunzia nafasi ndani ya wimbo miaka yote hii, na hataki mtu mwingine aikanyage.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Siku ya kupiga picha tulikwenda kibandani. Nilitaka Baba aonekane akigonga viatu taratibu, nyundo ikishuka polepole, huku anaimba. Kuna ujanja wake. Unampigia wimbo kwa kasi maradufu, naye anaufuata kwa kasi hiyo hiyo. Baadaye ukiipunguza picha, mkono unakwenda taratibu na midomo inakaa sawa na wimbo. Kazi ya kuupiga wimbo ilikuwa yangu. Nikaupiga kwa mwendo wake wa kawaida, siku nzima, na nikawa napaza sauti, "Safi sana! Tena!" kama mtu anayejua anachofanya.

Tulipoifungua darasani, Baba alikuwa anatafuna hewa. Wimbo umeshafika kwenye kiitikio, yeye bado anafungua mdomo kwa neno la pili. Darasa zima lilivunjika mbavu, Mrefu akaingia chini ya meza kabisa. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Jioni nikaenda kibandani kumwomba radhi Baba, na kumwomba turudie. Akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa napiga miayo?" Akacheka mpaka akashika mgongo.

Siku ya pili tukaupiga kwa kasi inayotakiwa, naye akaimba akitweta, mara akacheka na kuuliza, "Mnanifukuza?" Cheko lake la pale limo ndani ya video na halitoki. Ila ubeti wa pili ulipofika, hakuna aliyemwambia la kufanya. Aliweka nyundo chini, akafuta mikono kwa aproni, akakaa akisikiliza gita lake mwenyewe. Mrefu hakuzima kamera. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi, Shangazi, na kila mara namwona ni mtu anayengoja.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nifunge mlango. Alhamisi mwalimu aliiona kazi yetu. Aliisifu, na mwalimu yule si mtu wa kusifu. Kisha akauliza kwa nini kuna ubeti mzima mtupu. Akasema video ya wimbo haiwezi kuwa na nusu dakika isiyo na wimbo. Ama tuujaze, ama tuukate. Nilipomfikishia Baba habari hiyo hakugomba. Alisema tu, "Mkiukata huo, na wangu muukate." Hapo ndipo nilipokwama mpaka leo.

Kwa hiyo nakuomba wewe. Baba hajui kama nakuandikia. Alinikataza, nami nimemkaidi, na nitaubeba mzigo wangu. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, ina gita lake peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Binamu mkubwa atakuwekea. Vaa hedifoni, gita ulisikie wewe tu masikioni, kisha uimbe ubeti wako huku simu nyingine inakurekodi. Ingia chumba chenye nguo nyingi, funga dirisha, zima feni. Maneno sina. Baba anayajua lakini hasemi, na hakuna mwingine duniani mwenye nayo ila wewe.

Usiniambie sauti imezeeka. Na yake imezeeka, na ndivyo ilivyo nzuri. Ukikosea, kosea. Nikiipata sauti yako kabla ya Jumamosi ya tarehe 27 nitawahi kuipanga, maana siku ya maonyesho ni tarehe 4 Julai na wazazi wote wamealikwa. Alama nazihitaji, sitakudanganya. Lakini ninachotaka hasa ni kukaa kiti cha pembeni yake ukumbini na kumtazama usoni ubeti wa pili utakapoingia.

Kama goti au kazi au moyo utakataa, niambie tu, wala sitakununia. Ruhusa nayo naihitaji kwa vyovyote, kwa kuwa wimbo ni nusu yako. Wakili ameandaa karatasi na kuweka alama mahali pa sahihi, kana kwamba wewe ni mtoto.

Jirani yetu nesi anasafiri Jumanne kuja huko, ndiye atakayekuletea bahasha hii mkononi. Mpe chai, ana maneno mengi na yote ni ya kweli isipokuwa yale ya kuhusu mimi.

Nisalimie sana mjomba mumeo, umwambie kofia aliyoniletea bado naivaa. Nisalimie binamu mkubwa na yule mdogo mtundu, na mtoto mchanga mpige busu shavuni kwa niaba yangu. Kaka anakusalimu. Mama mdogo pia, na anasema anakudai simu, yaani hujampigia. Mungu akupe afya, akulainishie goti, akutunzie hao wote ulio nao chini ya paa lako.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wa kaka yako

Nimeifungua tena bahasha. Baba ameingia kutafuta mkasi wake, akaiona mezani na jina lako juu yake. Nilijua nimekwisha. Akaishika, akaigeuza, akaipapasa ile kadi ndani. Kisha akasema, "Mwambie gita linazunguka mara mbili ndipo aingie. Asiwahi. Siku zote huwa anawahi, nami nabaki kumkimbiza mpaka mwisho." Nikamwambia nitakuandikia kesho. Akasema hapana, andika sasa. Amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma kila neno.