Kidumu cha Rukia

Jumamosi, 31 Mei

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikapiga chafya, ikafa. Nikapumua, nikapiga tena kwa hasira, ikawaka. Kila Jumamosi asubuhi ni hivi hivi. Nesi aliyeniuzia skuta hii kabla hajahamishwa aliapa kwamba haina matatizo. Labda kwake.

Majirani wa hapa Nachingwea hawajachoka kunicheka. Fundi cherehani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, baibui limekunjwa na kufungwa kiunoni, yuko juu ya skuta nyekundu. Wacheke. Basi la Nkowe huondoka linapotaka. Vijana wa bodaboda huendesha kama wametumwa na Izraili. Mimi naenda polepole na nafika.

Nilipofika Nkowe, dada Asumini alikuwa macho. Nimemwogesha, nimempaka mafuta ya nazi, nimemchana nywele zilizobaki. Mgongo wote ni mifupa. Tangu hospitali watuambie turudi naye nyumbani, hakuna anayetaja ugonjwa pale ndani. Wanasema "hali yake". Ni kansa. Humu naandika kansa.

Jumapili, 1 Juni

Nimemwambia Issa, fundi pikipiki wa jirani na kibanda changu, anifundishe na asinitengenezee. Kacheka, kisha kakubali.

Plagi inafunguliwa kwa spana yake, taratibu, isije ikakatikia ndani. Inafutwa, inapigwa msasa kidogo. Ikiwa ya kahawia kama ganda la karanga, injini ni nzima. Chujio la hewa nimelitoa mwenyewe. Vumbi la barabara ya Nkowe lililotoka mle lingetosha kukandika ukuta.

Akaanza kunieleza habari za oili. Nikamwambia hapo asijisumbue. Cherehani langu lingekuwa chuma chakavu zamani kama si mafuta. Mashine ikilia inataka mafuta, mimi nalijua hilo tangu nikiwa mwari. Akasema, "Haya, mama Shabani, wewe ndiye mwenye mashine."

Mikono inanuka petroli hadi sasa. Sikasiriki.

Jumamosi, 7 Juni

Imewaka kiki ya pili. Nimefurahi kama mtoto. Nikafika Nkowe na ile furaha bado usoni, nikaona aibu.

Leo dada ameniusia. Nilikuwa namfunga kanga. Akanishika mkono, nguvu hana, akasema, "Somoe, siku yangu ikifika, uniogeshe wewe. Rukia asinione."

Rukia ni mke mwenziwe. Shemeji alimleta mle ndani mwaka dada alipoacha kuzaa. Wameishi ua mmoja miaka na miaka, hawajawahi kugombana kwa sauti. Lakini dada hakuwahi kutoka chumbani mwake bila kujipamba. Hata akienda kisimani, wanja upo machoni. Alikuwa mzuri na alijua. Rukia hajamwona dada yangu hata siku moja akiwa ovyo. Sasa ndiye anayempelekea uji, na dada hujifunika hadi kidevuni mpaka atoke.

Hatuna mama. Wanawe wote wa kiume, wako Dar. Nimebaki mimi.

Nikamwambia nitakuja. Nina skuta.

Jumatano, 11 Juni

Breki ya nyuma inalia. Nimekaza nati, imenyamaza. Nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna wa kunipongeza.

Sare za shule zimerundikana. Sina moyo nazo.

Jumamosi, 14 Juni

Dada hakunitambua mara moja. Alipokuja kunitambua akatabasamu, akalala tena. Nimemwogesha akiwa usingizini.

Msimu wa kupulizia mikorosho umeanza. Shemeji na Rukia walirudi shamba mchana, Rukia kawa njano kwa ile dawa ya salfa, hadi kope. Anakohoa. Nilipotaka kuondoka nikakuta petroli imebaki kidogo mno, na yule anayeuza kwa chupa kijijini ameishiwa. Rukia akaniletea kidumu cha petroli yao ya mashine ya kupulizia. Akasema, "Dada Somoe, hii tumeshaichanganya na oili. Sijui kama itakufaa."

Nikasema moyoni, kama ina oili ndani ndiyo nzuri zaidi. Petroli inaendesha, oili inalainisha. Ni vile vile ninavyolitia mafuta cherehani langu. Nikaimimina yote.

Nilimshukuru mdomoni tu. Sikuweza zaidi ya hapo. Kidumu nimeondoka nacho, nimrudishie.

Jumapili, 15 Juni

Skuta inatoa moshi wa buluu. Jirani akauliza kama nachoma takataka. Njiani jana ilikuwa inakohoa kama Rukia. Nimefungua plagi: nyeusi, imelowa. Nimefuta, nimepiga msasa, nimerudisha. Imewaka. Moshi uko pale pale.

Issa hayupo. Kaenda Kilimarondo kumsaidia baba yake kulinda shamba, tembo wameanza kushuka. Si kitu. Plagi naijua sasa.

Jumatano, 18 Juni

Shemeji amepiga simu magharibi. Dada hali wala hanywi. Niende.

Nitatoka alfajiri. Plagi nimeisafisha tena. Nimefunga mzigo: sabuni, karafuu maiti, ubani. Nilikuwa na bafta nyeupe dukani. Nikakata vipande, nikashona vifuko vya mkono vya kuoshea. Kazi ndogo, hata mwanafunzi wangu angeimaliza mara moja. Nimeshona nikafumua, nikashona tena, kwa sababu sikuona uzi kwa machozi. Yu hai bado na mimi nashona hivi. Nimejichukia. Lakini aliniomba, na lazima nifike nikiwa tayari.

Ijumaa, 20 Juni

Dada amezikwa jana. Mimi sikumwosha.

Nitaandika yote, kisha sitaki kuyaandika tena.

Nilikuwa napiga kiki simu ikaita. Shemeji. "Dada yako ametutangulia. Njoo, tunakungoja." Kijana wa bodaboda pale njia panda aliniona nalia, akaniambia, "Panda mama, nikukimbize." Nikakataa. Nikamwambia nina usafiri wangu.

Skuta ilikwenda vizuri hadi nyumba zikaisha. Kwenye ule mlima mrefu ikaanza kukohoa, moshi nyuma umetanda, ikafa. Nikafungua plagi. Imelowa. Nikafuta kwa mtandio. Ikawaka, ikaenda kidogo, ikafa. Nikafuta. Ikaenda, ikafa. Mtandio ukawa mweusi wote. Simu haishiki mtandao pale. Nikasukuma. Nikasukuma huku nasema peke yangu, dada ningoje, dada ningoje, kama mwendawazimu. Lori moja likapita, linakwenda kule nilikotoka.

Jua likapanda. Mwisho kwenye nyumba moja peke yake nikamwomba mzee aniwekee skuta uani. Nikaendelea kwa miguu na kifurushi changu kifuani, hadi bodaboda wa Ruangwa akanikuta, akanipakia.

Nilipofika kwenye kona ya nyumba, wanaume walikuwa wanarudi. Majembe mabegani. Udongo mbichi miguuni. Hakuna aliyehitaji kuniambia.

Shemeji alisema walingoja, wakapiga simu na kupiga tena. Sheikh akasema maiti hasubirishwi zaidi, na ugonjwa wenyewe ule. Bibi anayeosha wanawake pale Nkowe mikono inamtetemeka, hawezi peke yake. Akaingia Rukia.

Rukia ndiye aliyemwosha.

Jumamosi, 21 Juni

Matanga. Nimelala mkekani na wanawake wengine. Rukia anapika, anagawa, anazunguka. Amekuja kunipa pole, nikageuza uso ukutani. Wanawake wameona. Waone.

Namchukia. Amepewa nyumba, amepewa mume, mwisho amepewa hata mwili. Dada yangu aliyekuwa akijifunika hadi kidevuni.

Kuna wakati aliinama sikioni pangu, akasema, "Dada Somoe, nina neno nataka nikwambie." Nikamwambia sina masikio.

Jumapili, 22 Juni

Hitima imesomwa, watu wametawanyika. Pikapu ya jamaa imenibeba, tukaipitia skuta kwa yule mzee, hadi Nachingwea. Nilikaa nyuma nayo. Sikuitazama.

Chumbani nimefungua kifurushi. Vifuko ni vyeupe vile vile. Nimevirudisha kwenye mfuko, nikauweka chini ya kiti cha skuta, kwa kuwa ndani ya nyumba sitaki kuviona.

Alhamisi, 26 Juni

Issa amerudi. Akanipa pole. Kisha akafungua tangi, akanusa. Akauliza petroli hii nimeitoa wapi.

Nikamweleza. Akashika kichwa.

Mashine ya salfa inakunywa oili pamoja na petroli, ndivyo ilivyoundwa. Skuta yangu ina oili yake chini, na petroli inaitaka kavu, bila oili. Ile oili inaungua vibaya, inalowesha plagi, cheche inakufa. Ningefuta plagi hadi Kiyama. Dawa ilikuwa kumwaga tangi tu, na kidumu cha kumwagia nilikuwa nacho nyumbani.

Issa hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Ijumaa, 27 Juni

Sikulala. Niliwaza nimlaumu Rukia. Petroli ni yake, kidumu ni chake. Nikaipanga hiyo kesi vizuri kabisa, kila neno mahali pake.

Lakini alinambia. Alisema ina oili. Alisema hajui kama itanifaa. Mimi ndiye niliyejua.

Jumamosi, 28 Juni

Mwili una mazoea mabaya. Nimeamka mapema, nimechukua mafuta ya nazi na kitana, nimetoka nje, nimeshika usukani. Ndipo nikakumbuka.

Nimekaa kizingitini na kitana mkononi. Kilikuwa na unywele wake mmoja. Nimelia hadi jirani akaja na chai.

Jumanne, 1 Julai

Nimemwaga tangi lote kwenye kidumu. Nimefungua kabureta mwenyewe, Issa amesimama pembeni mikono mfukoni. Nimesuuza kila tundu kwa petroli safi, nimelipuliza kwa mdomo, nimetema. Plagi mpya.

Ikawaka kiki ya kwanza. Moshi hakuna. Inanguruma vizuri, sawasawa, kama haijawahi kunifanyia lolote. Nilitamani kuisukumia mtaroni. Issa akasema, "Sasa umeiva, mama." Nikaizima.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda Nkowe kurudisha kidumu. Ndani yake mna ile ile petroli yao. Mashine ya salfa itaitumia, Issa kasema haina shida.

Pale mlimani sikusimama.

Shemeji alikuwa shamba. Rukia ndiyo kwanza amefika, njano tupu, anakohoa. Chumba cha dada kimefagiwa, mlango uko wazi. Kanga zake zimekunjwa juu ya kitanda, zinaningoja nichague.

Tukakaa ukumbini. Nikampa kidumu, nikamwambia ahsante, safari hii kwa moyo. Nikamwambia petroli ile iliiua skuta, lakini kosa si lake. Akaweka mkono mdomoni. Hakuwa akijua. Yeye alisikia tu kwamba niliharibikiwa njiani.

Kisha akasema lile neno lake. Alisema kwa chini, anatazama mkeka.

"Mimi nilikuwa najua hataki nimwone. Miaka yote najua. Nilipoingia kumwosha nilifumba macho, dada Somoe. Bibi alikuwa ananielekeza, hapa, sasa hapa. Nikaosha kwa mkono tu. Sikumtazama."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikwenda kwenye skuta, nikafungua kiti, nikachukua vile vifuko. Nikarudi. Nikauliza ndoo ya maji iko wapi.

Salfa ilikuwa imemkaa shingoni, masikioni, kwenye kope. Nikamwambia ainame. Nikavaa kifuko kimoja mkononi, nikamfuta uso, nikammiminia maji kwa kata. Maji yakatoka njano. Nikammiminia tena mpaka yakawa meupe. Alikuwa amefumba macho.

Nimechagua kanga moja. Nyingine nimemwachia yeye.

Nimerudi kabla ya magharibi. Nimefunga koki ya petroli, nimefunika skuta. Vifuko nimevifua, viko kwenye kamba.